Kopo la Uthiru Nililolipata Nikiwa Kwenye Kochi

Nichekeni polepole. Mimi kutoka nje ya nyumba ni adhabu, lakini nilijiunga na kundi la kutafuta makopo. Mtu huficha kopo mahali, simu inakuelekeza, unaandika jina kwenye karatasi iliyomo, kisha unatangaza mtandaoni kwamba umelipata.

Wafula, mwenzetu kundini, alikuwa amepata kumi na moja tu, na kila moja alilisimulia kama harusi yake. Mimi nilitaka idadi. Nikatangaza sitini, chai mkononi, bila kuvaa viatu.

Jumamosi kundi lilikutana uwanja wa Jamhuri, nikapigiwa makofi. Mama Shiro, mmoja wa waficha makopo, akaniuliza, "Baba Kevo, katika hayo yote, lipi lilikufurahisha zaidi?"

"La Uthiru, wiki jana." Nikaeleza mti, siafu, hata mbwa aliyenikimbiza.

"Pole kwa mbwa. Uliandika jina kwa kalamu ya rangi gani?"

"Bluu."

Akafungua mkoba, akatoa kopo. "La Uthiru ndilo hili, nililificha mimi. Nililirudisha nyumbani tangu Pasaka, karatasi ililowa." Akanipa kalamu. "Andika sasa, Baba Kevo. Mbwa tutakutafutia."