Hitima ya Kiwanda

Usiku ule nililala na furaha ya mtu aliyeona mwanya ambao wenzake hawajauona. Kiwanda cha nguo nilichokuwa na hisa zake kilikuwa kimefilisika, bei ya hisa imeporomoka, na mimi, badala ya kulia, nilitaka kuongeza. Nilishamshawishi dada yangu Mwanaidi tuuze nyumba aliyotuachia marehemu Bibi, nyumba anayokaa yeye na wanawe, tununue hisa zaidi kwa bei ya kutupa. Kiwanda kikifufuka tungekuwa matajiri. Mnunuzi wa nyumba alikuwa anakuja asubuhi.

Nikajiona nimesimama ndani ya kiwanda chenyewe. Mitambo imenyamaza, katikati imetandikwa mikeka, na harufu ya pilau imejaa kote. Nilijua, bila kuambiwa, kwamba ile ni hitima na marehemu ni kiwanda. Bibi yuko kando ya sufuria, kanga kaifunga kiunoni kama alivyokuwa akifanya kwenye shughuli zetu. Nilifurahi mno kumwona, nikataka kumkumbatia. Akanipa birika.

"Nawishe wageni."

Nikawanawisha. Mkeka wa mbele wamekaa watu wa benki iliyokikopesha kiwanda, na sinia lao linafurika nyama. Nyuma yao wafanyakazi wanaodai mishahara. Nyuma zaidi, wale walionunua hatifungani za kiwanda, nao ni wakopeshaji ingawa wadogo. Hao wamepata wali mkavu, tena wanagombania. Njaa inaniuma. Natafuta mkeka wangu, siuoni.

Nataka kutoka. Nasukuma mlango, naingia ukumbi ule ule, mikeka ile ile. Nasukuma mwingine, vivyo hivyo. Birika nataka kulitua, vidole havifunguki. Hofu ikanishika, hofu ya kitoto ya kutaka kulia kwa sauti.

"Bibi, mimi nakula lini?"

Hakunitazama. Alikuwa anakwangua ukoko. "Una nini hapa?"

"Nina hisa. Kiwanda ni changu." Hata ndotoni niliisema kwa majivuno.

"Basi wewe ndiye mwenye shughuli, mjukuu wangu. Tangu lini mwenye shughuli akala kabla ya wageni?"

Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Kwenye hitima ya Babu, nyumbani kwetu wenyewe, nililala na njaa kwa sababu wageni walizidi. Nikachungulia sufuria. Ule ukoko nao akaja mtu wa hatifungani akaubeba.

Ndipo nilipowaona wenzangu, wamejipanga ukutani na mabirika yao, midomo imewakauka. Nao wana hisa. Wakanisogelea wakitabasamu, kila mmoja ananyoosha birika lake nilipokee. Wananizingira. Mgongo wangu umegota kwenye mtambo.

"Nitanunua nafasi zao," nikamwambia Bibi. "Ni rahisi. Nitauza nyumba."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Ununue njaa yao?"

Nikazinduka kwa adhana ya alfajiri, shuka limelowa jasho. Sikungoja hata kunawa uso. Nilikwenda mbio hadi kwa Mwanaidi, nikamkuta ameshavaa baibui, hati ya nyumba iko mapajani.

"Nyumba haiuzwi," nikasema.

"Kaka! Si jana umeshinda hapa unanihubiria?"

"Bibi kanijia ndotoni."

Nikamsimulia yote. Akauliza, "Na hisa ulizonazo?"

"Hizo tuzihesabu zimezikwa."

Akaiweka hati chini ya godoro, akajifuta macho kwa ukingo wa baibui. "Wiki nzima, kila nikimaliza kuswali namsomea Bibi Yasini, naomba apatikane wa kukuzuia," akasema. "Mimi ningekukatalia vipi, kaka yangu mkubwa?"