Neno Nililomfundisha Askari

Mjukuu wangu akipaka rangi viatu vya shule, harufu ile hunirudisha nyumbani kwetu, kando ya barabara ya Tukuyu. Malori yalipita yamejaa askari wa mkoloni kutoka huku kwetu, wakienda ng'ambo ya Mto Songwe kuwazima watu wa nchi ile ndogo waliokuwa wakidai uhuru. Mmoja, buti zake zikinang'aa kwa rangi, aliteremka kuomba maji.

"Binti, kwa lugha yenu, 'njoo' mnasemaje?"

"Isaga," nikamwambia. Alikosea, nikacheka, nikamsahihisha mpaka akaweza. Akanipa biskuti.

Baada ya wiki chache shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo, alifika kwa miguu, peke yake.

"Wifi," alimwambia mama aliyempa bakuli la uji, "tulijificha migombani. Tukasikia mtu anaita, 'Isaga, isaga.' Mume wangu akasema huyo ni ndugu yetu, akatoka. Askari wakampakia kwenye lori."

"Nani kawafundisha lugha yetu?" mama aliuliza.

Shangazi alikuwa ananitazama mimi.

"Mtoto anatetemeka huyu," alisema. "Mpe uji wangu."

Nikaupokea, nikaunywa wote, nisiseme neno.