Mgeni wa Chini ya Kitanda

Juzi jirani alimwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba yake ili kufukuza nyoka. Harufu iliponifikia, mimi na shahada zangu zote tukapandisha miguu juu ya kiti.

Nilipokuwa mdogo, siku moja mama, aliyekuwa amejifungua karibuni, alikuwa chumbani. Aliinama kuokota leso chini ya kitanda, akaona nyoka amejikunja kando ya sanduku. Akamnyakua mtoto, akatutoa wote nje. Nyanya, mama yake baba, alikataa nyoka auawe kabla ya kuonywa, maana huenda ni jini. Akasimama mlangoni na ubani.

"Salaam aleikum, mgeni. Hii nyumba iko na mtoto mchanga. Toka kwa amani."

"Mama, na asipoelewa?" mama akauliza.

"Nitarudia kwa Kisomali."

Tulishinda uani juani, mtoto akilia. Alasiri nyanya akatangaza kwamba mgeni ameondoka, ingawa hakuna aliyemwona akitoka.  Mama alimwaga mafuta ya taa katika kila ufa, akakung'uta kila nguo. Kisha, mpaka yule mtoto alipoanza kutembea, mama alilala ameketi, amemlaza kifuani.