Masalu na mbawa za mjusi aliyekwisha

Ndugu zangu, asubuhi hii nimemmiminia Masalu chai yake kama kawaida. Akili imegoma kabisa.

Mnanijua, meneja masoko wa karakana ya Mkuyuni, nimefika Kampala, nimefika Kigali. Masalu alikuwa fundi wetu wa kuchomelea. Sijaona mkono kama ule, na nimeona mikono.

Huyo mjusi wa mbawa Masalu alimwona kwenye simu. Wa zamani kuliko dinosaria, ubavuni ana vijiti vinavyofunguka kama mwavuli, anaruka mti huu anaelea mpaka ule. Uzao wake uliisha dunia nzima. Akaniambia, "Meneja, huyu ndiye wa mashindano."

Ngoma zetu mnazijua: makundi mawili, uwanja mmoja, anayevuta watu ndiye mshindi. Wapinzani wana Mama Kabula na chatu wake.

Masalu akachomelea mbavu za miavuli, akazivika turubai, zikawa mbawa. Zikatundikwa karakanani. Zilitikisika hata siku ziwa limelala kama uji uliopoa.

Mama Kabula alipita akaziona. "Mimi chatu namwomba ruhusa kabla sijamcheza. Huyu wako umemwomba nani, na wamekwisha wote?"

"Shikamoo mama," Masalu akajibu. "Nimemwomba mjusi wa ukutani, shemeji yake."

Tulicheka mpaka machozi. Mama hakucheka, wala hakuitikia marahaba.

Jumapili, kwenye mawe ya ufukweni, wadudu wa ziwa walisimama angani kama moshi. Masalu akaruka kutoka jiwe la juu, akaelea, akatua mchangani wima. Watu wote wakamwacha chatu.

"Meneja, umeona kazi?"

Wakapaza sauti: rudia, rudia. Akapanda tena. Safari hii mbawa zilijifunga akiwa hewani.

Yeye alivunjika shingo. Mbawa hazina hata mkwaruzo.

Jana hapa msibani mdogo wake, Lugola, akazivaa. "Zinanikaa, kaka. Kundi linataka nizicheze Jumamosi, tumuenzi." Akatabasamu kama Masalu mwenyewe.

Leo nimezikata kwa grenda mbele ya kundi zima. Lugola haongei na mimi. Asiongee, mradi anatembea.

Vipande nimevifungia kwenye pipa. Upepo hakuna, na pipa linagonga.

Mchana huu tunakuzika, kaka. Huko chini hakuna wa kukwambia rudia. Lala, Masalu. Lala pasipo na upepo.