Panda au Banda: Miaka Yangu ya Ubeki Kwenye Majani Chai

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, na halikuhusu digrii yangu. Afisa wa Ustawi, aliyesimamia nyumba za wafanyakazi, zahanati na timu ya mpira, alinitazama kuanzia kichwani akashuka hadi kwenye viatu.

"Unacheza namba gani?"

Nikasema namba tano, beki wa kati. Akaandika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai juu ya Kericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na digrii ya isimu, yaani sayansi ya lugha. Mama yangu kule Merigi alikuwa bado anawaeleza majirani kwamba isimu ni aina fulani ya udaktari.

Vijana wa leo mnaweza kushangaa, lakini mashamba ya chai siku hizo yaliajiri miguu kwanza, mikono baadaye. Asubuhi nilikaa kwenye banda la mizani, kile kibanda cha mabati kando ya barabara ambapo wachumaji huleta makapu yao. Karani hutundika kapu kwenye ndoano, husoma mshale, hupunguza uzito wa kapu lenyewe, kisha huhimili maneno ya mama aliyechuma tangu alfajiri na anayeamini kwamba mizani ina chuki naye. Saa tisa alasiri nilifungua daftari la pili maishani mwangu, uwanja.

Ajira yangu ilikuwa ya muda, na Meneja wa Shamba hakuficha masharti. "Karani, kombe la mashamba likikuja hapa, barua ya kudumu iko kwa meza yangu. Lisipokuja, mwisho wa mwezi tutaachana vizuri." Maneno hayohayo alimwambia Njoroge, beki wetu wa kulia, dereva wa trekta la majani. Wazazi wake walikuwa wametoka Kenya ya kati na kufungua duka Kapsoit. Yeye alikuwa amekaa miaka minne kwenye ajira ya muda, tena mke wake alikuwa mjamzito.

Mkubwa wangu wa kweli, hata hivyo, hakuwa na cheo chochote uwanjani. Alikuwa Fundi Mkuu wa Mitambo kiwandani, Mpolandi mrefu mwenye masikio mekundu, aliyekuja kufunga mashine za kukaushia majani akasahau kurudi kwao. Jioni moja alisimama kando ya uwanja na kikombe chake cha chai, akanitazama nikikimbizana na washambuliaji kama mtu anayefukuza kuku. Akaingia, akanishika bega, akanisogeza hatua mbili nyuma na moja kushoto.

"Hapa," akasema. "Kaa."

Jioni hiyo hakuna aliyenipita. Nilitaka kujua alijuaje, nikaanza kumfuata kiwandani kwa visingizio. Alikuwa bahili wa maneno, kwa hiyo nilipata maisha yake kipande kipande, katikati ya kelele za mitambo. Alikuwa amechezea timu ya taifa ya Polandi mechi kumi na moja, zote akiwa beki. Klabu yake ilikuwa ya mji wa machimbo.

"Mimi iliandikwa mchimba makaa," aliniambia akifuta grisi. "Kila mwezi nasaini. Shimo sijawahi ingia hata siku moja."

Nikamwambia basi sisi ni ndugu. Akafikiri, akakubali.

Siku nyingine nilimuuliza mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwaje. Alipewa kazi ya kumkaba, yaani kumfuata na kumnyima nafasi, mshambuliaji ambaye picha yake alikuwa ameibandika ukutani chumbani mwake. Yule bwana hakugusa mpira wa maana dakika zote tisini. "Kesho yake gazeti haiandiki jina yangu. Mama analia. Kocha anafurahi sana." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ni kazi gani hii niliyoajiriwa kuifanya.

Alitufundisha mtego wa ofsaidi. Mabeki wote wanne husonga mbele kwa pamoja, mara moja, ili mshambuliaji ajikute nyuma yao peke yake na mshika kibendera anyanyue mkono. Lazima liwepo neno moja, na watu wanne walitii kama mtu mmoja. Neno lilikuwa "Panda!" Kasoro ni kwamba Mpolandi alijifunza Kiswahili kwa mafundi wa kiwandani, Wakipsigis kama mimi, na kwetu p na b ni mapacha ambao hata mama yao huwachanganya. Kwa hiyo alipiga kelele "Banda!" kwa imani kamili. Wafanyakazi wakampa jina Arap Banda, mwana wa Banda, naye akalipenda.

Njoroge ndiye aliyecheka zaidi. "Msomi, hebu niambie, ni panda ama ni banda? Mimi nikisikia banda naangalia majani iko wapi."

"Wewe kimbia tu," nilimjibu.

Akakimbia. Msimu mzima mimi, beki wa kati, ndiye niliyetoa amri uwanjani, nikipaza "Banda!" kama mwalimu wangu, na hatukufungwa mabao mengi. Tukafika fainali.

Siku ya fainali palisimamishwa hema, na ndani yake wakaketi wageni wa makao makuu, wenye tai, wawili kati yao wakiwa wamesoma chuo nilichosoma. Ilibaki kama dakika kumi, bado hatujafungana. Wapinzani wakapata mpira katikati, nami nikaona mshambuliaji wao ananyemelea. Nikavuta pumzi ya kutoa amri. Wakati huohuo nikaliona lile hema. Je, mtu wa isimu atapaza "Banda" mbele ya watu hawa?

"PANDA!" nikasema. P ilikuwa safi ajabu. Profesa wangu angeniita mbele ya darasa anipongeze. Watatu tukapanda. Njoroge akabaki. Kibendera hakikunyanyuka, na mpira ukalala wavuni.

Nikamwendea Mpolandi baada ya kipenga cha mwisho, kombe likiwa limekwenda. "Lakini nilisema neno sahihi!"

"Sahihi kwa nani?" akauliza, akaondoka na kikombe chake.

Jumatatu Meneja aliniita. "Nimeona na macho yangu. Nyinyi watatu mlipanda, huyu dereva akalala. Yeye ataenda. Wewe nitakufanyia mpango."

Nilikuwa nimeketi mita moja kutoka kwenye barua yangu. Sitajifanya shujaa, niliikodolea macho ile barua hadi akaanza kufungua faili jingine.

"Bwana Meneja, kosa ni langu."

"Kwani ulisema nini?"

"Nilisema panda."

"Na si hiyo ndiyo neno?"

"Ndiyo neno. Ndiyo makosa."

Nilimweleza kuhusu midomo, pumzi na koo, na jinsi sikio la Njoroge lilivyozoea kukimbilia "Banda" msimu mzima. Alinitazama kama unavyotazama mizani iliyoharibika. Mwishowe akasema, "Basi dereva abaki. Wewe, mwisho wa mwezi."

Nikaenda kufundisha shule ya sekondari Chebunyo, ambako mechi zilisimama ng'ombe wakipita. Baadaye nikahamia Bomet mjini, nikawa mkuu wa idara, nikastaafu mapema. Watu huniuliza nilifunga mabao mangapi. Sifuri. Kazi yetu ilikuwa kuzuia mambo yasitokee, na jambo lisilotokea halina shahidi. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo niliridhika moyoni kwamba kuna mtu mmoja aliyebaki kazini kwa sababu nilisema kweli.

Njoroge alipostaafu, akiwa msimamizi wa gereji nzima ya shamba, alinialika kwenye sherehe yake. Nikamuuliza, kwa udadisi tu, siku ile alisikia nini hasa.

"Nilisikia panda. Safi kabisa, kama redio."

"Sasa mbona ulibaki?"

"Goti ilikuwa imekataa tangu kipindi cha kwanza. Ningesema, wangenitoa, na nani anaweka kibarua mgonjwa?"

"Na ukaniacha niende kwa Meneja kueleza mambo ya midomo?"

Alinitazama kwa upole, bila haya.

"Msomi, wewe ulikuwa na digrii. Mimi nilikuwa na hiyo goti tu."