Simsim Ikishuka Wiki Tatu

Niliingia Mombasa nikiwa juu ya magunia ya mahindi. Lori lilitoka Kitale asubuhi ya baridi, likaharibika Nakuru, likalala Mtito Andei kwa sababu dereva alikuwa amechoka, likalala tena Mariakani kwa sababu ya foleni ya mizani. Tulipopita Voi joto lilinivua sweta. Tulipofika Changamwe likanivua na shati.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimevuka arobaini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na tabia ya kutokaa mahali. Nilishawahi kupima maziwa, kuuza vitabu, na kuandika majina ya wakata miwa. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoizoea.

Makupa tulikuta malori ya mahindi yamejipanga kando ya barabara, madereva wamelala chini yake. Meli ya kuyachukua ilikuwa haijafika.

"Itafika lini?" nikauliza.

"Ikifika utaiona," dereva akanijibu, akajifunika gazeti usoni.

Mimi kungoja sijui. Nikachukua begi langu nikashika njia. Nilipita Majengo nikanunua muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, nikaendelea kutembea huku nautafuna mpaka mitaa ikawa myembamba, watu wawili hawapishani bila kusalimiana. Huko Kibokoni, mlangoni mwa ghala moja la zamani, nilimkuta mzee wa Kihindi wa madhehebu ya Bohora, mwenye kofia nyeupe ya uzi wa dhahabu akiigombeza karatasi. Asubuhi hiyo alikuwa ameikalia miwani yake.

"Ndugu, wajua kusoma Kiingereza cha watu wa meli?"

Nikamsomea. Mnunuzi wa Jeddah alitaka simsim zaidi.

"Hebu rudia hapo penye zaidi."

Nikarudia. Akanitazama viatu, si uso.

"Wataka kazi?"

"Kazi gani, mzee?"

"Ya kutembea."

Sijapata kupewa kazi iliyonifaa kama ile. Lori la mahindi lilirudi Kitale bila mimi.

Mzee huyo, ambaye sote tulimwita tajiri, alizaliwa katika vyumba vya juu ya ghala lile lile. Baba yake alikuwa akipeleka simsim na mbata ng'ambo kabla yake. Mimi kila Ijumaa asubuhi nilizunguka ofisi za mawakala wa meli na maghala ya Kilindini, nikiuliza mzigo uliopakiwa wiki ile: nafaka zimekwenda kiasi gani, mbegu za mafuta kiasi gani. Tajiri alizitaka habari hizo ili ajue anunue kwa wakulima au angoje. Mtaa wa Kibokoni ulizitaka kwa sababu nyingine kabisa.

Mbele ya ghala palikuwa na baraza ya mawe. Alasiri ya Ijumaa, watu wakishaswali na kula na kujinyoosha kidogo, walikuja kukaa. Upande wa kulia walikaa watu wa simsim, wakiongozwa na tajiri. Upande wa kushoto walikaa watu wa mahindi, wakiongozwa na dalali mmoja mnene, Mswahili wa mtaa ule ule, rafiki wa tajiri tangu utoto wao. Sheria yao ilikuwa nyepesi. Mzigo uliopanda zaidi kuliko wiki iliyopita ndio mshindi, na upande ulioshindwa hununua kahawa na kuwalisha wenzao zao la mshindi. Mahindi yakishinda, watu wa simsim huleta bisi. Simsim ikishinda, watu wa mahindi huleta kashata za simsim. Nusu ya waliokaa pale hawakuwa na hata gunia moja la chochote. Kinyozi wa mtaa alikuwa mtu wa simsim kwa sababu tu babake alikuwa mtu wa simsim.

Mimi ndiye niliyekuwa na matokeo, na sikuruhusiwa kufungua mdomo mpaka kikombe cha kwanza kimiminwe. Kwa hiyo walinisoma mwendo.

"Yuwaja! Mtazameni, leo yuwatembea kama mtu wa mahindi!" mama mmoja alipiga kelele kutoka dirisha la juu.

"Huyo hutembea hivyo siku zote, kwao ni milimani," kinyozi akamjibu.

Nikajifunza kutembea Kibokoni bila uso wala mwendo. Si kazi rahisi.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Kwetu bara siku huisha usiku wa manane. Pale siku huisha jua likizama, adhana ya magharibi ikilia. Jua likishazama Alhamisi, hiyo ni Ijumaa tayari. Mwezi wangu wa kwanza tajiri alinialika pilau usiku wa Ijumaa. Nami, kwa hesabu ya kwetu, nikaoga Ijumaa jioni, nikapiga shati pasi, nikapanda ngazi zake nikinusa mbele yangu. Mkewe akachungulia dirishani.

"Bwana karani, umekuja kuosha masufuria? Wageni walikula jana!"

Akacheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Kisha akanipashia sahani iliyojaa, na kila niliponyanyua macho alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Tangu hapo, kila Alhamisi jua likizama, alinipigia kelele kutoka juu: "Karani! Imeshaingia!"

Wiki ya baraza ilifuata hesabu hiyo hiyo. Ilifungwa Alhamisi kwa adhana ya magharibi. Mzigo uliopakiwa baada ya adhana ulihesabiwa wa wiki inayofuata, hata bandari iseme nini.

Niliishi hivyo miaka kadhaa, mingi kuliko niliyowahi kukaa popote. Kisha mke wa tajiri akafariki. Tajiri akabaki peke yake juu ya ghala, akipanda zile ngazi kwa kushika ukuta. Haukupita mwaka, mwanawe wa pekee, daktari wa meno huko Uingereza, akaja na tikiti mbili za ndege. Alikuwa kijana mpole. Alitaka ghala liuzwe na babake aende akaishi naye.

Mara ya kwanza alipolisema hilo barazani, hakuna aliyekunywa kahawa yake. Dalali wa mahindi alitazama kidole chake cha mguu kwa muda mrefu.

"Ami," yule daktari akamwambia kwa heshima, "nani atamwangalia akianguka?"

"Mimi nitaanguka naye," dalali akasema. "Nina kilo za kutosha, atapata godoro."

Watu wakacheka, lakini daktari alikuwa na haki na sote tulijua. Ndipo tajiri akasema neno lililotutia joto wiki zilizofuata.

"Sikia, mwanangu. Nakupa ahadi mbele ya hawa. Simsim ikishuka wiki tatu mfululizo, mimi nafunga ghala, nakuja nawe. Isiposhuka, tikiti yangu utairudisha, urudi peke yako."

Daktari akakubali. Alikuwa na likizo ndefu, na msimu ulikuwa ukingoni.

Wiki ya kwanza simsim ikashuka. Barabara za huko inakolimwa zilikuwa matope. Tajiri akaleta bisi, naye akazila, akitafuna upande mmoja wa mdomo huku mwanawe akimwangalia kwa jicho la kazi.

"Baba, hilo jino la nyuma..."

"Hilo ni jino la simsim. Halijazoea mahindi."

Wiki ya pili ikashuka tena. Bisi zikaletwa tena, na safari hii watu wa mahindi walizila kama dawa. Dalali alichukua punje tatu, akasema ameshiba. Jioni ile nikafunga begi langu nikaliweka nyuma ya mlango. Ghala likifungwa nami kazi yangu imekwisha, na kwa kweli miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Nilimhurumia mzee, na papo hapo nilikuwa ninawaza barabara ya kwenda Lamu.

Wiki ya tatu mnunuzi wa Jeddah akatuokoa. Aliagiza mzigo mkubwa kuliko yote ya msimu, na meli ilikuwa tayari gatini. Alhamisi asubuhi tukapeleka magunia Kilindini pamoja na kundi la wapakizi wa Majengo. Serehangi wao, yaani mnyapara wa kundi, Mdigo mrefu aliyependa utani, aliimba tangu getini. Kufika adhuhuri sehemu ndogo tu ilikuwa imepanda, na hapo winchi ikakwama. Fundi akaja, akaipiga nyundo, akaenda kutafuta kipuri. Alasiri ikapita. Serehangi akaacha kuimba. Winchi ilipoanza kunguruma tena jua lilikuwa jekundu, na watu wale walifanya kazi kama wanaofukuzwa. Magunia mengi yalikuwa bado chini niliposikia adhana. Kabla ya Isha yote yalikuwa melini.

Ijumaa asubuhi bandari ilinipa habari iliyo wazi: simsim, mzigo mkubwa, umepakiwa Alhamisi. Nikatembea kurudi Kibokoni. Siku hiyo hakuna aliyenisoma mwendo. Walikuwa wamesimama wima, hata watu wa mahindi. Kahawa ikamiminwa.

"Bandari yasema simsim imepanda," nikasema. "Imepanda sana."

Kelele zilizotoka pale ziliamsha watoto mitaa miwili mbele. Kinyozi alimbusu dalali kichwani. Tajiri peke yake hakunyanyuka. Alikuwa amegeuza uso kwa serehangi, aliyekuja na kundi lake na sasa alikuwa akiangalia chini.

"Karani. Bandari husema yake. Adhana ya magharibi ilipolia, magunia yalikuwa wapi?"

Ungemwona mzee yule usoni, nawe ungesema kweli.

"Mengi yalikuwa chini, tajiri. Yaliyopanda kabla hayafiki ya wiki iliyopita."

Kisha dalali wa mahindi, ambaye kwa kanuni ndiye aliyekuwa ameshinda, akainuka kwa shida.

"Adhana ya msikiti gani?" akauliza. "Nyinyi Mabohora mna yenu, sisi tuna yetu. Tena Kilindini iko magharibi ya kisiwa. Hapa jua huzamia nyuma ya nyumba za watu, kule huzama wazi. Huenda kule lilikuwa bado lipo!"

"Lilikuwepo!" serehangi akadakia. "Mimi lilinichoma shingo, wallahi."

"Si shingo yako yatazama mashariki ukibeba gunia?" kinyozi akauliza, akasahau yuko upande gani.

"Nilikuwa nikirudi nyuma kuchukua jingine!"

"Basi, basi," tajiri akasema. Alikuwa akitabasamu. "Rafiki yangu, wataka kunilisha kashata nawe hukushindwa. Miaka yote tumefunga wiki kwa adhana ya hapa. Nikiibadili leo kwa sababu leo yaniuma, itakuwa baraza gani hii? Simsim imeshuka. Mwanangu, nitakuja nawe."

Dalali akaketi kama gunia lililokatwa kamba.

Daktari akasogea mbele. Alichukua kashata moja kutoka sinia la dalali. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba dalali alikuja na kashata tayari, kabla hata ya matokeo.

"Baba," akasema, "ile ahadi ulimpa nani?"

"Wewe."

"Si baraza?"

"Baraza ilikuwa shahidi. Ahadi nilikupa wewe."

"Basi mimi ndiye nitakayeifunga wiki. Na mimi nimekaa Uingereza miaka mingi, siku yangu huisha usiku wa manane. Kwa saa yangu mimi, magunia yote yamepanda Alhamisi." Akaing'ata kashata. "Simsim imepanda, baba. Kwa baraza leteni bisi. Kwangu mimi umeshinda."

Tajiri alimtazama mwanawe, kisha akaja kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuleta usiku wa manane Kibokoni. Kutoka dirisha la juu la jirani yule mama akauliza, "Jamani, nani ameshinda?" Tulikula bisi na kashata kwa pamoja, na dalali alikula za watu watatu.

Kabla hajaondoka, daktari alimng'oa babake lile jino, akawekesha kishikio cha mbao kwenye ngazi, na akakubaliana na serehangi kwamba mmoja wa kundi lake atahamia chumba cha chini. Kisha akarudi Uingereza na tikiti moja.

Na mimi? Begi lilikuwa bado limefungwa nyuma ya mlango. Nilingoja sababu ya kuondoka na sababu ikakosekana. Nilimaliza msimu, nikamaliza na mwingine, nikitembea Kilindini na kurudi, nikiwadanganya kwa uso mtupu. Siku moja nikajikuta nimeijua kila hatua ya njia ile macho yakiwa yamefumba. Nikamwambia tajiri. Hakushangaa, alinitazama viatu tu, kama siku ya kwanza.

Basi langu la bara lilikuwa liondoke Mwembe Tayari Alhamisi alasiri. Walinisindikiza tajiri, dalali na serehangi, na begi langu wakalibeba kwa zamu kana kwamba lina uzito. Basi likachelewa, kama ilivyo kawaida yake. Tuliagana mara tatu. Nilipoketi hatimaye na injini kuanza, adhana ya magharibi ikalia.

Dalali akagonga kioo. "Shuka! Imeshaingia Ijumaa! Tikiti yako ya Alhamisi haifai tena!"

"Mwache," nilimsikia tajiri akisema. "Huyo hata akikaa hapa miaka mingapi, ni mtu wa usiku wa manane."

Kisha naye akasogea dirishani, akanyoosha mkono, akanipa fungu la karatasi lenye mafuta. Nililifungua nilipopita Makupa. Zilikuwa kashata za simsim, na katikati yake, za kunitania, punje chache za bisi.