Ulezi wa Mvunguni

Nakumbuka Julai ile ya baridi kali, nimerudi Mpui kutoka chuo, kichwa kimejaa maswali. Mwanangu, usinicheke kwa kukuita hivyo. Sijaota mvi bado, ila upweke nao huzeesha.

Bibi alikuwa akiotesha ulezi upate kuwa kimea cha pombe ya kumbukumbu ya Babu. Aliuloweka, akauweka mvunguni, akaufunika kwa gunia. "Usiguswe na mwanga," alisema. Mimi sikupenda kuambiwa "usi" bila sababu. Alipokwenda misa nikachota nusu, nikauweka kwenye dirisha la chumba changu nione tofauti. Siku ya tatu ulikuwa kijani kama bustani.

"Shikamoo Bibi, njoo uone!" niliita kwa fahari.

Alitafuna chipukizi moja, akatema. "Uchungu mtupu! Huko chuo wamekufundisha kufunua vya watu, msomi?"

"Nilikuwa nauliza tu, Bibi."

"Umeuuliza ulezi. Mimi nipo hapa, hukuniuliza."

Pombe haikutosha. Wazee waliaga jua likiwa bado juu, na Bibi akabaki peke yake kwenye kumbukumbu ya mumewe, akikusanya vikombe vilivyokauka.

Leo niko ugenini, kwenye chumba kisicho na dirisha. Nachunguza protini iliyomo ndani ya miche, ile inayongoja mwanga ndipo mmea uanze kuwa kijani. Tunaipiga kwa mwanga wa leza, mpigo mfupi ajabu. Mpigo wa pili unafuata kuona kilichobadilika. Yote huisha kabla kope haijaanza kushuka. Ikiguswa na mwanga mapema, hakuna tena cha kupima. Kwa hiyo naifunika kwa kitambaa cheusi, kama Bibi, na siku inapita sijasema na mtu.

Sasa najua kwa nini ulezi wangu uligeuka kijani. Lakini Bibi alijuaje siku ya kufunua? Alikuwa akiingiza mkono chini ya gunia, ananusa vidole, anasema, "Tayari." Alinusa nini? Hilo leza haijui, naye amelala Mpui ubavuni mwa Babu.

Mwanangu, hoji kila kitu, hata haya yangu. Kuuliza si ujinga. Ila anza na yule aliyeingiza mkono chini ya gunia, wakati angali hai. Kisha ndipo ufunue. Mungu akujalie maswali mengi, na kila ukiuliza, awepo wa kukuitikia.